Moshi wa Mabua ni Mbolea Inayopotea

Ukipita katika skimu za Lugari au Trans Nzoia baada ya mahindi kuvunwa, utaona moshi. Mkulima amekusanya mabua na magugu, ametia moto, na jioni anafurahi kuona shamba lake ni safi. Miezi michache baadaye mkulima yule yule yuko katika foleni ya mbolea ya mifuko, na fedha alizo nazo hazitoshi. Kwa maoni yangu, shida ile ya pili ilianza siku ile ya moto. Chakula kingi cha mimea kilikwenda hewani pamoja na moshi, yakabaki majivu tu.

Wazee waliopata mashamba katika mpango wa ekari milioni moja, ulioanza mwaka 1962, walipokea ardhi pamoja na deni. Deni la fedha lilikuwa na risiti. Deni la udongo halina risiti, lakini hulipwa vile vile. Kila gunia la mahindi liendalo sokoni limebeba chakula kilichotoka katika udongo. Tena shamba lililokuwa la mtu mmoja sasa limegawanywa kwa watoto na wajukuu. Nusu ekari iliyochoka haiwezi kulisha nyumba.

Wengine husema, "Mbolea ya dukani yatosha." Mbolea hiyo ni kitu kizuri, na simwambii mkulima aiache. Lakini mwaka 2022 mfuko wa DAP wa kilo 50 ulipita shilingi 6,000, mpaka Serikali ikaingia kati na kuuza kwa shilingi 3,500, na mwaka 2023 kwa shilingi 2,500. Mkulima asiyekuwa na mbolea yake mwenyewe aliteswa na bei. Zaidi ya hayo, DAP ikitumiwa peke yake miaka mingi huzidisha asidi katika udongo. Wala haileti ule udongo mweusi, mwororo, unaoshika maji wakati wa jua. Udongo huo hutokana na majani na samadi iliyooza.

Wengine husema mabua ni chakula cha ng'ombe. Ni kweli, na ng'ombe na ale kwanza. Lakini masalio anayoyakanyaga na kuyalowesha kwa mkojo wake ni mazuri sana kwa lundo la mbolea. Samadi iliyoachwa wazi bomani hupoteza nguvu yake kwa jua na mvua.

Basi anza na bustani ya mboga iliyo karibu na jikoni. Ni ndogo, na faida yake huonekana upesi. Chagua mahali penye kivuli, pasipotuama maji. Pima upana wa futi 4 na urefu wa futi 6, kisha utifue ardhi hapo. Chini kabisa weka mabua yaliyokatwa vipande ili hewa ipite. Juu yake weka majani makavu, nusu futi. Kisha majani mabichi na maganda ya jikoni. Kisha samadi, inchi 2. Kisha udongo wa juu kidogo na majivu kidogo. Nyunyiza maji. Rudia hivyo mpaka lundo lifike kimo cha futi 4 au 5, halafu ulifunike kwa nyasi au majani ya migomba.

Chomeka kijiti kirefu katikati. Baada ya siku chache kichomoe. Kikiwa na joto, kazi inaendelea vizuri. Kikiwa kikavu, ongeza maji. Kikiwa kimelowa na kunuka vibaya, lundo limekosa hewa, lipindue. Hata kama hakuna kasoro, lipindue kila baada ya wiki 3. Kwa kawaida mbolea huwa tayari baada ya miezi 3 hivi; penye baridi kama Kinangop, ngoja zaidi. Iliyoiva ni nyeusi, hupukutika mkononi, na hunuka kama ardhi iliyopata mvua. Tia konzi 2 katika kila shimo la sukuma wiki au kabeji.

Usitie plastiki katika lundo. Usitie mashina ya viazi yaliyopatwa na mnyauko, wala magugu yaliyokwisha kutoa mbegu, kwa maana utarudisha adui shambani kwa mikono yako.

Neno langu la mwisho ni juu ya kazi yenyewe. Katika nyumba nyingi lundo huachiwa mama na watoto, naye baba huonekana siku ya kuuza kabeji. Hii si haki. Kupindua lundo ni kazi nzito. Baba ashike jembe, kwa sababu ardhi hiyo ndiyo atakayowaachia wanawe, na itafaa awaachie ikiwa na nguvu.

Wazee wetu husema akiba haiozi. Lakini hii ni akiba ambayo faida yake ni kuoza. Basi, ndugu mkulima, mavuno yajayo weka kiberiti chako jikoni, na mabua uyapeleke kwenye lundo.