Bukavu: kukimbia saa ya midi kati ya miti iliyobaki

Mu Bukavu, mtu mwenye kukimbia saa sita ya mchana anatia watu wasiwasi. Mama mwenye kuuza ndizi pembeni ya barabara anainua macho, anaangalia fasi yule mtu ametoka, kisha anauliza: «Papa, kule kuko nini?» Akisikia kama ni sport tu, anacheka na kuketi tena. Lakini mkono ulikuwa umekwisha kushika beseni.

Wasiwasi ule hautoki bure. Mu Kiswahili neno ni moja tu: wa sport anakimbia, wa vita naye anakimbia, na kutoka neno lile likazaliwa «mkimbizi». Wakaaji wa mji huu walikimbia 1964, wakakimbia 1967, 1996, 1998, 2004, na tena mwezi wa pili 2025 wakati AFC/M23 iliingia mjini. Kila kizazi kina avenue yake ya kukumbuka.

Hata hivyo, wenye kufanya kazi katikati ya mji wana sababu ya kuchagua saa ya midi kwa kunyoosha miguu. Asubuhi magari ni mengi na njia ya kwenda kazini ni ndefu. Magaribi, kwa hali ya usalama ya siku hizi, watu wanapenda kuwa nyumbani mbele ya giza. Inabaki saa moja ile ya mapumziko. Na mwenye kuitumia kwa miguu anaona mambo ambayo mwenye kupanda taxi haoni.

La kwanza ni majina. Kila siku watu wanamwambia dereva «Place Mulamba, niache pale», lakini vijana wangapi wanajua Mulamba alikuwa nani? Léonard Mulamba alikuwa koloneli wa jeshi la taifa. Mwezi wa nane 1964, Wasimba wakiwa wamekwisha kukamata sehemu kubwa ya mashariki, ni yeye aliongoza askari walioshikilia Bukavu mpaka waasi wakarudishwa nyuma. Mwaka uliofuata, kisha Mobutu kutwaa mamlaka mwezi wa 11, Mulamba akawa waziri mkuu. Hakumaliza mwaka: mwezi wa 10 1966 Mobutu alimwondoa. Jina likabaki kwa kiwanja.

Miaka mitatu kisha ile vita, vita ikarudi kwa mlango mwingine. Mwezi wa nane 1967, Jean Schramme, Mbelgiji aliyekuwa na mashamba mu Kongo kisha akawa mamluki, aliingia Bukavu pamoja na Wazungu wengine wa kulipwa na askari wa Katanga. Walikaa mpaka mwezi wa 11, kisha jeshi la taifa likawasukuma na wakavuka Ruzizi kuingia Rwanda. Wazee waliokuwa watoto wakati ule wangali hai. Kuwauliza hakuombi pesa wala ruhusa ya mtu.

Na kuna Nyawera. Fasi ile kelele haikosi, na mwenye kukimbia analazimika kutembea juu ya magari na wachuuzi. Pale njo askofu mkuu Christophe Munzihirwa, Mjesuite, aliuawa tarehe 29 mwezi wa 10 1996, siku mji ulikuwa unaanguka. Miaka miwili mbele, wakimbizi kutoka Rwanda walikuwa wamejaza mashule na viwanja vya wazi vya mji. Yeye alizungumza kwa ajili yao, na alizungumza pia kwa ajili ya raia wa Kivu.

La pili ambalo miguu inafundisha ni hili: kivuli hakikugawanywa sawa. Zamani watu walilinganisha Bukavu na mkono wa kijani uliotiwa mu ziwa, juu ya zile rasi tano zenye kuingia mu maji. Lakini ule mkono ulikuwa wa nani? Wakati mji ulikuwa unaitwa Costermansville, kwa jina la kiongozi mmoja wa kikoloni, Ibanda ilipangwa kwa Wazungu: parsele kubwa, bustani, barabara zenye miti. Kadutu ilipangwa kwa Waafrika, nyumba karibu karibu. Bagira nayo ilijengwa miaka ya 1950 na ofisi ya serikali ya kikoloni iliyokuwa inajenga mitaa ya wafanyakazi Waafrika.

Haikuwa Bukavu peke yake. Mu miji mingi ya Kongo ya Ubelgiji, kati ya mtaa wa Wazungu na cité ya Waafrika waliacha eneo tupu, wakisema ni kwa ajili ya afya. Kinshasa, uwanja wa gofu, bustani ya wanyama na bustani ya mimea vilitiwa mu eneo lile. Kwa hiyo miti inayomfurahisha mtu leo mara nyingi ilipandwa ili kutenganisha watu. Si sababu ya kuichukia ile miti. Lakini inaeleza kwa nini mtoto wa Muhumba anapata kivuli na wa Kadutu anakimbilia mu vumbi ya barabara, akikwepa mikokoteni ya soko.

Siku hizi hata kile kivuli cha Ibanda kinapungua. Watu wengi walikimbilia mjini kutoka vijiji vyenye vita, na mwenye kukosa fasi anajenga penye anapata. Huyo ni maskini, na ni rahisi kumlaumu. Kuna mwingine asiyekuwa maskini: mwenye karatasi. Sheria ya udongo ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali. Inasema pia kwamba udongo uliowekwa kwa matumizi ya watu wote hauwezi kupewa mtu binafsi ikiwa haujatolewa kwanza, kwa njia halali, mu matumizi yale. Neno la biro ni «désaffectation». Njo mlango mdogo ambamo kiwanja cha wote kinapita na kutoka kimekuwa parsele ya mmoja. Raia anapoona karatasi, mara nyingi ni kwamba ukuta umekwisha kupanda.

Na si uzuri peke yake unaopotea. Bukavu ni mji wa milima. Huko Funu, mu Kadutu, udongo unateleza pole pole tangu zamani, nyumba zinapasuka, na wenye elimu ya udongo wanaufuata kwa vyombo. Mvua ikipiga mlima usiokuwa na mti, maji hayapati cha kuyashika. Yanateremka na matope mpaka ziwani, na wakati mwingine yanateremka na nyumba. Tena moto ukiwaka mu nyumba za mbao zilizobanana, kiwanja cha wazi njo fasi pekee ya kukimbilia na kuokoa magodoro.

Kwa hiyo mwenye kukimbia saa ya midi, bila kupenda, anakuwa sawa na mlinzi. Anapita njia ile ile mara tatu kwa juma, anajua mti gani ulikuwa pale siku ya tatu na haupo siku ya tano. Anaona mabati mapya yamezungushwa fasi ambayo watoto walikuwa wanacheza mupira. Swali la kuuliza kwa kadastre na kwa ofisi ya urbanisme ni fupi: désaffectation ilisainiwa na nani, na tarehe gani? Linapaswa kuulizwa mabati yakiwa yangali mabati.

Mama wa ndizi naye anaona, kwa maana anaketi pale siku nzima. Ila yeye, kama mabati yakifika fasi yake, atapewa siku moja ya kuhama.