Kwa nini mtoto husema "borrow me"

Wazazi wenye watoto katika shule zinazofundisha kwa Kiingereza wameizoea sentensi hii: "Borrow me your pencil." Mtoto anaisema darasani, wenzake wanacheka. Anaisema nyumbani, dada yake naye anacheka. Baada ya siku mbili tatu anaacha kuomba. Daftari linarudi nyumbani kazi haijafanyika, na mzazi anadhani mtoto amekuwa mvivu, kumbe hakuwa na penseli na aliona aibu kuiomba.

Kabla ya kumkemea, mzazi ajiulize sentensi hiyo imetoka wapi. Imetoka kwenye Kiswahili cha hapo hapo nyumbani. Mtoto husema "niazime penseli" anapoomba, na "nimeazima penseli kwa Neema" akishapewa. Kitenzi ni kile kile: anayetoa anaazima, na anayechukua anaazima. Hata pale Kiswahili kinapotofautisha, mzizi haubadiliki, kama kukopa na kukopesha. Kiingereza kina maneno mawili yasiyofanana kabisa: "borrow" ni la anayechukua, "lend" ni la anayetoa. Mtoto amelijua moja, akalitumia kwa pande zote mbili kama lugha yake inavyomruhusu.

Hayuko peke yake. Wajerumani nao wana kitenzi kimoja, "leihen", kwa anayetoa na anayechukua. Na kule Minnesota, Marekani, wapo watu waliozaliwa na Kiingereza wanaosema "borrow me" bila wasiwasi. Kwenye mtihani, hata hivyo, bado ni kosa.

Kumkaririsha maana za maneno hayo hakusaidii sana. Kinachosaidia ni kijiko. Mzazi akishike, mtoto aombe: "Can I borrow your spoon?" Kisha aombe kijiko hicho hicho kwa njia ya pili: "Can you lend me your spoon?" Aulizwe kwa Kiswahili: katika sentensi ya kwanza, nani anafanya kitendo? Ni mimi, ninayechukua. Basi ni "borrow". Katika ya pili? Ni wewe, unayetoa. Basi ni "lend". Kisha wabadilishane, mtoto ashike kijiko na mzazi aombe. Mzazi asiyejua Kiingereza anaweza kabisa kuucheza mchezo huu, maana swali la nani anatoa na nani anachukua halihitaji Kiingereza.

Kosa la pili hujificha zaidi. "Nimeazima kitabu kwa Neema" na "nimepeleka kitabu kwa Neema" hutumia "kwa" ile ile, ndiyo maana mtoto huandika "I borrowed a book to Neema". Kinachochukuliwa kinatoka kwa mtu: "borrow from". Kinachotolewa kinakwenda kwa mtu: "lend to". Kijiko kinafaa hapa pia, mtoto akionyeshwa kwa kidole kinakotoka na kinakokwenda. Na jana yake "lend" ni "lent", si "lended".

Mtoto akishaizoea tofauti hiyo, inafaa aonyeshwe pia mahali ambapo Kiswahili ndicho kinachochambua zaidi, asije akadhani lugha ya mama yake ni ya kubahatisha. Mwingereza hutumia "borrow" kwa ngazi ya jirani, kitabu cha maktaba, kikombe cha sukari na fedha za benki. Kwa Kiswahili ngazi na kitabu huazimwa, kwa sababu kinachorudishwa ni kitu kile kile. Fedha hukopwa, kwa sababu noti zinazolipwa si zile zilizochukuliwa. Methali nazo zimeshika tofauti hiyo: nguo ya kuazima haisitiri maungo, lakini kukopa arusi, kulipa matanga. Hakuna anayesema ameazima mkopo.

Sukari ndiyo inayoleta mjadala. Ikishaingia kwenye chai hairudi, kwa hiyo si ya kuazima. Lakini wengi hawasemi wamekopa sukari pia, maana neno hilo linanukia deni la dukani. Mtoto anayetumwa kwa jirani na kikombe kitupu huambiwa tu aseme, "Mama anaomba sukari kidogo," na jirani anajua mwenyewe kama itarudi.