Figo na Maji ya Visima vya Kitengela

Mtu akaaye Kitengela au Kajiado, ingawa jua la nyika za Kaputiei humchoma mchana na baridi humwingia usiku, joto la mwili wake hubaki karibu na nyuzi 37; nayo chumvi ya damu yake haiendi mrama, maadamu figo, zichujazo takriban lita 180 kwa siku, hurudisha kifaacho na kutoa kilichozidi.

Lakini hisani hiyo ina ukomo. Madini ya floraidi, yaliyomo kwa wingi katika visima vingi vya huku, figo za mtu mzima huyatoa kama nusu tu, na yaliyosalia hukimbilia mifupani. Mtoto, ambaye mifupa yake ingali yakua, huyahifadhi zaidi, na meno yake hutoka na madoa ya kahawia. Kuyachemsha maji (dawa ya kila jambo, aghalabu twadhani) huyazidisha makali.

Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Si insafu, basi, mwenye kisima atangaze bei ya maji yake na kukificha kipimo chake. Serikali ya kaunti na imlazimishe kuvibandika vyote viwili hadharani.