Portsmouth na Wenyewe

Mji wa Portsmouth, kusini mwa Uingereza, sehemu yake kubwa imo katika kisiwa cha Portsea. Wakazi wake kwa karne nyingi wamekuwa mabaharia na mafundi wa bandari ya manowari, na msomaji wa visiwani hahitaji kuelezwa jinsi watu wa kisiwa wanavyokishikilia kilicho chao. Klabu yao ya kandanda iliundwa mwaka 1898. Imepanda na kushuka mara nyingi, lakini anguko lake kubwa kuliko yote halikuletwa na miguu ya wachezaji. Lililetwa na daftari la hesabu.

Mwaka 1939 Portsmouth iliifunga Wolverhampton Wanderers mabao 4-1 na kutwaa Kombe la FA. Vita vikazuka, na kombe likabaki kwao hadi 1946. Mwaka 1949 na 1950 ikawa bingwa wa Uingereza mfululizo. Siku moja ya Februari 1949 watu zaidi ya 51,000 walijazana katika uwanja wa Fratton Park. Nguzo ya timu hiyo alikuwa Jimmy Dickinson, aliyeichezea klabu hiyo hiyo moja michezo 764 ya ligi bila ya kuonywa na mwamuzi hata mara moja. Watu wa namna hiyo hawanunuliwi sokoni.

Baadaye ikashuka. Mwaka 1959 ilitoka Daraja la Kwanza, na kufika 1978 ilikuwa imezama hadi Daraja la Nne. Ikajikokota kurudi juu mwaka 1987, kwa msimu mmoja tu.

Mwaka 2003 iliingia Ligi Kuu. Ikapata wenye mali wapya, na mishahara ikapanda kupita kimo cha uwanja wa watu kama 20,000. Mwaka 2008 bao la Nwankwo Kanu wa Nigeria liliishinda Cardiff City na kuleta tena Kombe la FA, na Afrika nzima ilishangilia. Ni wachache waliouliza gharama za furaha ile zilikuwa zikilipwa na nani.

Jibu lilikuja upesi. Katika msimu wa 2009/2010 klabu ilipita katika mikono ya wamiliki wanne, na wachezaji wakacheleweshewa mishahara. Februari 2010 ikawa klabu ya kwanza ya Ligi Kuu kuwekwa chini ya msimamizi wa madeni. Ikakatwa pointi 9, ikashuka. Kanuni za ligi zikataka wachezaji na klabu nyingine walipwe kwanza, tena kwa ukamilifu. Wafanyabiashara wadogo wa mjini, na hata chama cha huduma ya kwanza cha St John Ambulance, wakaambiwa wangoje makombo. Huo si utaratibu wa haki hata kidogo.

Ikafilisika tena mwaka 2012, na mwaka uliofuata ikajikuta daraja la nne. Hapo ndipo wananchi waliponyanyuka. Aprili 2013 chama cha wapenzi wa klabu, ambao wengi wao walichanga pauni 1,000 kila mmoja kununua hisa, kiliitwaa klabu. Madeni ya zamani yakalipwa, na mwaka 2017 ikatwaa ubingwa wa daraja lile.

Muda mfupi baadaye wanahisa hao hao walipiga kura ya kumwuzia klabu tajiri wa Kimarekani, Michael Eisner. Hoja yao ilikuwa mtaji, na mwaka 2024 klabu ilipanda hadi daraja la pili. Hatuidharau hoja hiyo; uwanja mkongwe haukarabatiwi kwa mapenzi. Hata hivyo, waliokiokoa chombo kilipokuwa kinazama ndio waliostahili kubaki na usukani.

Serikali ya Uingereza nayo ilikaa ikitazama. Sheria ya kuunda chombo huru cha kukagua fedha na wamiliki wa klabu ilipitishwa mwaka 2025, miaka 15 baada ya Portsmouth kufilisika.