Usonji hauishi ukifikisha miaka 18

Makamanda, kila Aprili 2, Siku ya Usonji Duniani, viongozi wanapiga picha na watoto. Sawa. Wale watoto wakikua wanaenda wapi?

Mimi ni mmoja wao. Nina miaka 27, na maisha yangu yote naitwa mjeuri kwa sababu simtazami mtu machoni. Mshauri nasaha wa kwanza alinifundisha kukaza macho na kuchekacheka. Nilitoka pale nimechoka kuliko nilivyoingia. Wa pili aliniuliza, "Kelele gani zinakuumiza?" Tukaanzia hapo. Nikajifunza kuomba maelekezo ya kazi kwa maandishi, na kazini nimedumu.

Huyo namlipa kutoka mfukoni. Wangapi wanaweza?

Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, ikatunga sheria yake 2010. Bima ya Afya kwa Wote ikapitishwa 2023. Karatasi tunazo tele, jamani! Sasa tunadai ushauri nasaha kwa watu wazima wenye usonji uwemo kwenye kitita cha mafao, na washauri wafundishwe kutupokea tulivyo.

Na sisi tunapiga kura. Wasisahau.