"Tumia Chrome" si jibu, ni uvivu

Jamani, leo nimekuja na kiboko mkononi, na wa kwanza kuchapwa ni mimi mwenyewe.

Miaka michache iliyopita nilikitengenezea chama kimoja cha akiba na mikopo fomu ya kuombea mkopo mtandaoni. Kazi ndogo tu: jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, kiasi, kitufe cha kutuma. Mteja akasema hataki watu wanakili maandishi ya tovuti yake. Sikubishana naye. Niliweka kwenye CSS amri inayogusa kila kitu ukurasani: -webkit-user-select: none. Nikafungua Chrome kwenye kipakatalishi changu, nikajaza fomu, ikaenda. Nikatuma ankara.

Kesho yake mweka hazina akanipigia simu. "Mwanangu, kuna wanachama wanabonyeza pale pa kuandika na hapaandikiki."

"Wanatumia simu gani, mama?"

"Hizi za iPhone."

Hapo nikatoa jibu ambalo kila msanidi wa hapa kwetu analo ulimini: "Waambie watumie Chrome, mama."

Wakapakua Chrome. Hapakuandikika vilevile.

Kama hujui ni kwa nini, na wewe unatengeneza tovuti kwa riziki, kaa kitako. Kivinjari ni kama matatu. Rangi, muziki na jina lililobandikwa kiooni ni mambo ya nje. Kinacholivuta gari ni injini. Injini ya kivinjari ndiyo inayosoma HTML na CSS yako na kuamua nini kichorwe wapi. Leo zimebaki injini kubwa tatu: Blink, inayovuta Chrome, Edge, Opera na Samsung Internet, WebKit, ya Safari, na Gecko, ya Firefox.

Sasa, kwenye iPhone Apple imelazimisha vivinjari vyote vitumie WebKit. Chrome ya iPhone ni Safari iliyopakwa rangi nyingine. Ni mwaka 2024, kwa shinikizo la sheria ya Umoja wa Ulaya, ndipo Apple ilipofungua mlango kwa injini nyingine kupitia iOS 17.4, na wakati huo ilikuwa kwa watumiaji wa Umoja wa Ulaya. Kenya hatumo. Kwa hiyo nilimtuma mama wa watu akawasumbue wanachama, wakachoma bando zao kupakua kitu kisichobadilisha lolote. Na kosa lilikuwa langu.

Kosa lenyewe lilikuwa hili. Kiwango cha CSS kinasema amri ile isizuie mtu kuandika kwenye sehemu za kuandikia. Blink ilitii. WebKit iliyokuwa kwenye simu zile ilifunga kila kitu, hata kuandika. Mstari mmoja, kiambishi kimoja, injini mbili, maana mbili.

Sisi Waswahili hatuhitaji kufundishwa viambishi. Ukisikia ki- au vi- unajua uko kwenye ngeli gani. Viambishi vya CSS navyo vilikuwa na kazi kama hiyo: kuonyesha mwenyewe ni nani. -moz- ni Mozilla, -ms- ni Microsoft, -o- ni Opera, -webkit- ni WebKit. Ukiona sifa yenye kiambishi, ujue ni jaribio la mtengenezaji mmoja. Ilikuwa kama kile kibao cha "rangi mbichi, usiguse". Sifa ikikomaa na kukubaliwa na wote, kiambishi kinaondolewa.

Sisi tuligusa. Tuligusa kwa mikono miwili.

Baada ya iPhone kutoka mwaka 2007, na Android nayo kuja na kivinjari cha WebKit, wasanidi duniani kote walianza kuandika kurasa za simu kwa -webkit- peke yake. Mstari wa kawaida usio na kiambishi hawakujisumbua kuuandika. Mtu akifungua ukurasa huo kwa injini nyingine, hata kama injini hiyo inaiweza kazi yenyewe, inakuta haijaambiwa chochote. Ukurasa unatoka uchi.

Februari 2012, kwenye mkutano wa kikundi cha kazi cha CSS cha W3C, Mozilla, Microsoft na Opera walisema itabidi nao waanze kusoma -webkit-. Daniel Glazman, aliyekuwa mwenyekiti mwenza wa kikundi hicho, aliandika hadharani akiwasihi wasanidi waache mtindo huo. Tulimsikia? Miezi miwili baadaye Opera ilianza kuvisoma baadhi ya viambishi hivyo. Firefox ilijaribu kusimama, lakini toleo la 49 la Septemba 2016 lilikuja likivisoma. Leo kuna kiwango kamili cha WHATWG kinachoorodhesha sifa za -webkit- ambazo kila kivinjari kinapaswa kuzielewa. Jina la mtengenezaji mmoja limekuwa sheria ya wote.

Unataka ushahidi wa karibu? Chukua ile shingo ya kuburuta kwenye kitelezi. Ukiandika ::-webkit-slider-thumb na ::-moz-range-thumb pamoja, ukatenganisha kwa mkato, Chrome inatupa kanuni nzima kwa sababu haimjui huyo wa -moz-. Lakini Firefox hairuhusiwi kuitupa kwa sababu ya -webkit-. Kiwango chenyewe kinaagiza jina la ::-webkit- livumiliwe hata lisipojulikana. Mmoja ana kiti chake, mwingine anasimama mlangoni.

Wakati huohuo injini zinapungua. Opera ilitangaza Februari 2013 kwamba inaacha injini yake, Presto. Microsoft ilitangaza Desemba 2018 kwamba Edge itaacha injini yake, na Januari 2020 Edge mpya ikatoka ikiwa juu ya Chromium. Sisemi viambishi peke yake ndivyo vilivyoziua. Nasema kila ukurasa unaotengenezwa kwa injini moja ni gharama kwa injini nyingine. Mwenye injini analazimika kuajiri watu wa kuiga makosa ya jirani badala ya kuboresha yake.

Najua utakachosema. "Lakini Chrome ndiyo yenye watu wengi." Kweli. Na miaka ya 2000 Internet Explorer ndiyo iliyokuwa na watu wengi. Kurasa zilikuwa na kibandiko cha kukuambia tovuti hii huonekana vizuri ukitumia Internet Explorer. Toleo la 6 lilitoka 2001, la 7 likatoka 2006. Miaka mitano! Mwenye soko hana haraka. Microsoft ilistaafisha Internet Explorer 11 Juni 2022, lakini imebidi iweke ndani ya Edge hali maalumu ya kuiga ile ya zamani, na imeahidi kuitunza hadi angalau 2029. Ni kwa ajili ya nini? Ni kwa ajili ya mifumo ya ofisini iliyojengwa na watu waliosema "lakini hii ndiyo yenye watu wengi".

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba watengenezaji wa injini wenyewe wametubu. Blink ilipojitenga na WebKit Aprili 2013, ilisema haitaongeza viambishi vipya. Majaribio yatafichwa nyuma ya swichi ambayo msanidi anaiwasha mwenyewe kwenye tarakilishi yake. Mozilla na WebKit nao walielekea huko. Waliobaki kung'ang'ania ni sisi, tunaonakili msimbo wa 2011 kutoka mtandaoni na kuubandika bila kuusoma.

Basi nasema hivi.

Andika sifa ya kawaida kwanza kichwani mwako. Ikibidi kuweka yenye kiambishi, iweke juu, na ile isiyo na kiambishi iwe ya mwisho. Usipojua kama kiambishi bado kinahitajika, waachie programu kama Autoprefixer waongeze kulingana na vivinjari unavyowalenga wateja wako. Usimuulize mtumiaji jina la kivinjari chake. Uliza kama sifa inawezekana, na ndiyo kazi ya @supports. Na kabla ya kutuma ankara, fungua ukurasa kwenye Chrome, kwenye Firefox na kwenye iPhone ya mtu. Azima ya shemeji yako kama huna. Ni dakika 10.

Ile fomu niliitengeneza kwa kufuta. Nilifuta mstari mmoja, na kila mtu akaandika. Mteja nilimweleza kwamba anayetaka kunakili maneno yake atayanakili tu, maana yameshafika kwenye simu yake. Akakubali bila ubishi. Ningemwambia hivyo siku ya kwanza, pasingekuwa na simu ya mweka hazina.

Mweka hazina nilimpigia mwenyewe. Nikamwambia, "Mama, simu zao hazikuwa na shida. Shida ilikuwa mimi." Akacheka, akasema, "Nilijua, mwanangu. Ila nilikuwa nangoja useme."

Kwa hiyo ndugu msanidi, siku mteja wako akikuambia ukurasa haufunguki, kabla hujafungua mdomo kusema "tumia Chrome", kumbuka yule mama anaweza kuwa anajua tayari.