Chemsha Bongo ya Wageni Siyo Mtihani wa Wakongwe

Semista ijayo klabu yetu ya gemu itaandaa tena usiku wa chemsha bongo wa Tekken kwa ajili ya wageni, na tayari kwenye kundi la WhatsApp moto umewaka. Upande mmoja unasema maswali ya mara iliyopita yalikuwa ya kitoto na yanaishushia gemu heshima. Upande wa pili ni mimi na wenzangu wawili tulioyatunga. Admini ameniomba nipunguze maneno kule, basi nimeyaleta huku.

Kwa asiyeijua: Tekken ni gemu ya kupigana, mtu na mtu, iliyotolewa na kampuni ya Kijapani ya Namco mwaka 1994 kwenye mashine za kumbi za michezo, ikaingia kwenye PlayStation mwaka uliofuata. Jina lenyewe ni la Kijapani, maana yake ngumi ya chuma. Toleo lililoingia mitaani kwetu likakaa ni la tatu, lililofika kwenye PlayStation mwaka 1998. Lile la PS iliyofunguliwa kifuniko, inapozwa na feni ya mezani. La nane limetoka Januari 2024. Katikati hapo kuna miaka 30 ya ugomvi wa familia moja, na hayo tutayafikia.

Hoja yangu ni fupi. Ukiwaalika wageni, uliza swali ambalo mtu asiyewahi kushika pedi ya gemu anaweza kulijibu kwa kutazama na kufikiri. Swali likimtaka awe alikuwepo tangu zamani, hilo ni la wenyeji, hata ukiliita rahisi.

Na wakongwe wanapenda sana kuliita rahisi. Mwaka jana nilihudhuria usiku kama huu wa klabu moja nisiyoitaja. Tangazo lilisema wote mnakaribishwa, hata kama hujawahi kucheza. Swali la kwanza: taja wahusika wanne walioonekana kwa mara ya kwanza Tekken 3. Kwao hilo lilikuwa la kupasha misuli moto. Swali la tatu likawa la fremu, yaani vile vipande vya sekunde (sekunde moja ina 60) ambavyo pigo huchukua kabla halijamfikia mtu. Mpaka swali la tano waliokuwa wanajibu ni vijana watano walewale, safu ya mbele, wanagongeana mikono. Huku nyuma watu wameshatoa simu. Kufika saa mbili na nusu, wengi walikuwa wamekwenda kula chipsi.

Wale watano hawatuzidi akili. Tujiulize tu waliyajulia wapi. Kibandani! Waliyajua wakiwa na miaka tisa, kumi, wakitumwa dukani wanapitia kibanda cha gemu, wanalipa mia mbili kwa mechi, au hawana hela wanasimama nyuma ya waliolipa na kutazama. Sasa nitajie wasichana wa mtaani kwenu walioweza kusimama pale saa nzima bila mtu kwenda kusema kwao. Kwetu, mama alikuwa na neno moja tu kuhusu kibanda kile: wahuni. Mimi Tekken naijua kwa sababu kaka yangu alinunua PS2 iliyotumika akaileta nyumbani, sebuleni, mbele ya macho ya mama. Ni bahati tu. Rafiki yangu wa nyumba ya pili hakuwa na kaka wa namna hiyo, na leo tuko naye chuo kimoja.

Tena siyo wasichana peke yao. Wapo waliokulia vijijini ambako umeme ulifika wao wakiwa kidato cha tatu. Wapo waliosoma shule za bweni ambako hata redio ya mkononi ilikuwa kosa la kufukuzwa. Unapowauliza hawa swali la kumbukumbu, unachopima hasa ni nani aliruhusiwa kusimama kibandani akiwa na miaka kumi. Halafu mshindi unampa zawadi, kwa fedha za shughuli za wanafunzi ambazo wote tumechangia.

Ndiyo maana sisi tuliyaandika maswali kwa namna nyingine. Niyaeleze, maana wengi wanaoyalaumu hawakuwepo, walikuja mwisho kucheza.

La kwanza lilikuwa picha ya pedi ya PlayStation, kubwa ukutani. Tukasema: kwenye Tekken kila kitufe kati ya hivi vinne ni kiungo kimoja cha mwili. Mraba ni mkono wa kushoto, pembetatu ni mkono wa kulia. Je, msalaba na duara? Kimya cha sekunde mbili, halafu ukumbi mzima ukajibu: miguu! Upi wa kushoto? Mabishano kidogo, wakapatia pia: msalaba. Kwa swali hilo moja mgeni ameshajua namna ya kucheza. Gemu nyingi za kupigana hazina mpangilio mwepesi kiasi hicho, na wakongwe tunausahau kwa sababu vidole vyetu vimeshazoea.

Kuna lile la dubu wa mzee Heihachi. Kila aliyepita kibandani anajua kwamba mtangazaji wa gemu akilitamka jina la yule dubu watu hucheka mpaka wanaangusha pedi, na hapa sitaliandika, jarida hili linafika hadi ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi. Kwa Kijapani ni neno la kawaida kabisa. Tuliliweka kwenye skrini, tukangoja kelele zitulie (zilichukua muda), tukauliza: kwa Kijapani lina maana gani? Dada mmoja aliyekaa pembeni kabisa, ambaye tangu aingie alikuwa amekumbatia mkoba wake kama yuko kwenye daladala, akasema, "Si dubu tu?" Ndiyo, dubu tu. Alipata pointi, na ule mkoba akauweka chini.

Lililonifurahisha zaidi ni la Eddy Gordo. Kibandani Eddy alikuwa mkombozi wa wasiojua: unabonyeza tu hovyo, yeye anazunguka, miguu juu, mpinzani hajui pa kujikinga. Ni Mbrazili, aliingia kwenye toleo la tatu, na anapigana kwa capoeira. Tuliuliza: mapigano haya yanayofanana na ngoma yalianzishwa Brazil na watu gani? Wakongwe watatu niliokaa nao karibu walitazamana. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayesoma historia akanyoosha mkono, akaeleza kwamba ni Waafrika waliopelekwa kule utumwani, wengi wao wakitokea Angola na maeneo ya Kongo. Hakuwahi kusikia neno capoeira kabla ya usiku ule. Aliangalia mwendo wa miguu, akakumbuka Brazil ilichukua watumwa wengi kutoka wapi, akaunganisha. Mpaka leo ipo aina ya capoeira inayoitwa Angola. Nimemcheza Eddy tangu nikiwa darasa la nne na sikuwahi kumwona kwa jicho hilo.

Hapo ndipo wanaosema "maswali ya kitoto" wananishinda kuwaelewa. Kipi ni cha kitoto, kukumbuka orodha ya majina au kufikiri?

Tulicheza pia kipande cha Tekken 7 bila maandishi ya chini. Gemu hii ina jambo zuri: wahusika wengi huongea lugha za kwao, mmoja Kikorea, mwingine Kiitaliano, na wanaelewana bila mkalimani. Shaheen ni wa Saudi Arabia, anaongea Kiarabu. Swali lilikuwa lugha gani hii, lakini kijana mmoja kutoka Pemba hakuishia kwenye jina la lugha, aliitafsiri na sentensi yenyewe. Ukumbi ukapiga makofi. Na King, yule mwanamieleka wa kinyago cha jagua: tulieleza kwamba anapigana ili kupata fedha za kituo cha yatima, kisha tukauliza kama huyu anaweza kuwa mtu wa kweli. Wengi walisema haiwezekani. Tukawaonyesha picha ya Fray Tormenta, padri wa Meksiko aliyepigana mieleka miaka mingi akiwa amevaa kinyago ili kuwatunza yatima wake.

Sasa familia. Hapa ndipo wageni wanapokamatika, kwa sababu sisi wote ni watazamaji wa tamthilia, tusidanganyane. Tulikwenda nayo hatua kwa hatua, kila hatua swali. Heihachi alimtupa mwanawe Kazuya kutoka juu ya jabali mtoto akiwa na miaka mitano. Mtoto akapona, akakua, akarudi kwenye mashindano, akamshinda baba. Unadhani alimfanyaje? "Kamtupa!" Sawa, alimtupa kutoka jabalini vilevile. Baba naye hakufa. Toleo la pili akarudi akamshinda mwana. Safari hii kamtupa wapi? Hapo walikisia bahari, treni, shimo la choo. Jibu ni volkano. Kisha anakuja mjukuu, Jin, analelewa na babu, anafundishwa na babu, anamuua lile dude lililodhaniwa kuwa limemuua mama yake. Babu anampa nini kama asante? Dada mmoja nyuma akasema kwa sauti ya kuchoka, kama mtu anayewajua ndugu wa namna hiyo, "Kampiga risasi." Ndivyo. Toleo la saba Kazuya alimmaliza mzee na kumtupa kwenye lava, tukamzika, na mwaka huohuo wa 2024 mzee akarudi kwenye toleo la nane kama hakikutokea kitu.

Hakuna hata mmoja kati ya wale waliokisia aliyekuwa amecheza. Lakini walipokaa kucheza saa tatu, walikuwa na sababu ya kumchagua huyu na kumchukia yule. Mmoja alikataa kata kata kumtumia Heihachi. "Sishiki mzee huyo mimi."

Wakongwe kazi yao ilikuwa nini? Kila kundi la watu watano lilipewa mkongwe mmoja, na sharti lake ni moja: hajibu. Kundi likishajibu, sahihi au siyo sahihi, ndipo anasimama na kusimulia anachokijua. Wawili walinuna. Mmoja aliniambia, "Dada, mimi nimekuja kushindana, siyo kuwa mwalimu wa chekechea." Nikamwambia, kaka, kila Ijumaa unashindana hapa na watu walewale watano, hujachoka? Alikaa. Akasimulia habari za Hwoarang na taekwondo kwa dakika saba, ikabidi tumpokonye maiki.

Ninaloliheshimu katika hoja ya upande wa pili ni hili: gemu ina kina, na aliyetumia miaka kuijua anastahili mahali pa kuonyesha. Kweli kabisa. Tuandae usiku wao, wenye fremu na yote, mimi mwenyewe nitashiriki na pengine nitaaibika. Ila tuuite jina lake. Kuweka neno "wageni" kwenye bango ili upate ukumbi wa bure, halafu ukauliza maswali ya wenyeji, huko ni kuwatumia watu wajaze viti.

Na hili la kwamba wageni wataishusha gemu, tazameni yaliyotokea mwaka 2019. Arslan Ash, kijana wa Lahore, alishinda EVO Japan, na mwaka huohuo akashinda EVO ya Las Vegas. Kabla ya hapo, ukizungumzia wakali wa Tekken ulikuwa unazungumzia Japani na Korea Kusini, na Pakistan hata haikutajwa. Knee, mkongwe wa Korea mwenye mataji lukuki, alifunga safari mpaka Pakistan kwenda kucheza nao. Hakukaa Seoul akiwauliza kama wanajua nani alikuwemo Tekken 3.

Hata waliotengeneza gemu wenyewe wameshaamua. Tekken 8 ina mtindo wa kucheza kwa wanaoanza: unabonyeza L1, na mapigo ambayo mimi nilijifunza kwa vidole kuuma unayatoa kwa kitufe kimoja kimoja. Kuna wanaouita uvivu. Mimi nimemwona mtu aliyeshika pedi kwa mara ya kwanza saa tatu usiku akimshinda mwenzake saa tatu na robo, akaruka, akaomba nyingine. Wiki iliyofuata alirudi na mwenzake wa chumbani.

Ombi langu kwa kamati, basi. Maswali kumi, siyo thelathini. Kila swali liwe na picha au kipande cha video. Pointi moja kwa jibu na mbili kwa maelezo ya namna kundi lilivyofikiri, hata jibu likikosewa. Zawadi igawanywe kwa kundi. Bando la wiki kwa kila mtu linatosha kuliko kitita kwa bingwa mmoja. Muda uwe saa kumi na mbili jioni, ili wanaokaa nje ya chuo wapate usafiri wa kurudi, na dada zetu wasianze kuhesabu saa ya geti la hosteli katikati ya swali la sita. Umeme ukikatika, maswali ya familia yanasomeka hata kwa tochi ya simu.

Barua ya kuomba ukumbi iko kwa serikali ya wanafunzi tangu Jumatatu. Tunachohitaji ni projekta na ekstensheni ndefu. Wakongwe mnaokuja kusimulia, njooni na pedi zenu, kwa sababu mbili kati ya zetu nne L1 imekufa.